4,294,967,297: namba inayotaka kuhojiwa kabla ya kugawanywa

Ukimpa mtu namba 4,294,967,297 na kumwuliza ina sifa gani, mara nyingi atakurudishia orodha. Ni witiri. Ina tarakimu kumi. Jumla ya tarakimu zake ni 59. Ukiiandika kwa besi ya 2 unapata 1, sufuri thelathini na moja, kisha 1. Yote hayo ni kweli, na karibu yote hayasaidii kitu. Kiini cha namba nzima kimo katika vigawo vyake. Ukishavijua, mengine mengi hupatikana kwa kuzidisha na kujumlisha tu. Usipovijua, unazunguka uani bila kuingia ndani. Hoja ya makala hii ni kwamba njia ya kuvifikia vigawo hivyo haianzi na kugawanya. Inaanza na kuuliza namba imejengwaje, na namba hii ndiyo ushahidi bora wa jambo hilo, kwa sababu ilimponyoka mtu ambaye zana zote za kuifungua alikuwa nazo mkononi.

Namba yenyewe ni 2³² + 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse huko Ufaransa, aliwaandikia wenzake kuhusu namba zinazopatikana kwa kuchukua 2, kuizidisha kwa yenyewe, kisha zao lake kwa lenyewe, na kuendelea hivyo, halafu kuongeza 1. Ya kwanza ni 3, zinafuata 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni namba tasa. Fermat alisema anaamini kwamba zote zinazofuata ni tasa pia, ingawa alikiri kwamba hana uthibitisho kamili. Leo tunaziita namba za Fermat na kuzipa alama F0, F1, F2, F3 na F4. Inayofuata, F5, ndiyo 4,294,967,297.

Mwishoni mwa mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler, kijana wa miaka 22 aliyekuwa St. Petersburg, akimwuliza kama anaijua kauli hiyo ya Fermat. Euler mwanzoni hakuonyesha hamu kubwa. Lakini mwaka 1732 alitoa jibu: F5 si tasa, 641 inaigawa bila kubaki kitu.

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Swali la maana si kwamba 641 inaigawa; hilo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kulihakiki kwa kalamu. Swali ni mtu anaijuaje 641 kabla ya kuijaribu.

Tuanze na vipimo vya darasani, maana havidharauliwi. Namba inaishia na 7, hivyo haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Jumla ya tarakimu ni 59, haigawanyiki kwa 3, basi namba nayo haigawanyiki kwa 3. Kwa 7, 11 na 13 wengi huanza kugawanya moja moja, na hapo wanapoteza muda. Zidisha 7 × 11 × 13, utapata 1,001. Kwa sababu hiyo unaweza kuzipima zote tatu kwa mkupuo mmoja: fuata mikato iliyokwisha kuwekwa kwenye namba, anzia kulia, kisha jumlisha na kutoa kwa kupokezana:

297 − 967 + 294 − 4 = −380

Sasa una namba ndogo ya kushughulika nayo. 380 ukiigawa kwa 7 hubaki 2, kwa 11 hubaki 6, kwa 13 hubaki 3. Hakuna hata moja inayoigawa sawasawa, basi hakuna inayoigawa namba yetu. Kosa la kawaida hapa ni kuanzia kushoto. Utapata 380 badala ya −380; kama unataka kujua tu inagawanyika au haigawanyiki, haidhuru, lakini ukitaka baki lenyewe, ishara imegeuka na jibu ni baya. Mabaki ya kweli kwa 7, 11 na 13 ni 5, 5 na 10.

Baada ya hapo njia ya darasani inakuacha peke yako. Ili kuthibitisha kwa kugawanya kwamba namba hii ni tasa, ungepaswa kujaribu kila namba tasa hadi kipeuo chake cha pili, ambacho ni 65,536 na chembe. Namba tasa zilizo chini ya 65,536 ni 6,542. Kwa bahati 641 iko karibu: ni ya 116 katika mfululizo wa namba tasa. Kwa hiyo anayekwenda kwa mpangilio, 2, 3, 5, 7, 11, atafanya migawanyo 115 yenye baki kabla ya kupata mmoja usio na baki. Kwa mkono, migawanyo 115 ya namba ya tarakimu kumi ni kazi ya siku nzima, na kosa moja katikati linaweza kukufanya uipite 641 bila kujua. Sioni sababu ya kumfundisha mtu ukulima wa namna hiyo wakati chujio lipo.

Chujio hilo linategemea hesabu za masalio, ambazo kila mwenye saa ya ukutani anazijua hata kama hajazipa jina: ikiwa sasa ni saa tano, baada ya saa tisa itakuwa saa mbili, kwa sababu 14 ukitoa 12 hubaki 2. Kwenye saa hiyo 12 ni sufuri. Tufanye vivyo hivyo kwa namba tasa p, tukiichukulia p kuwa sufuri.

Tuseme p inaigawa 2³² + 1 bila baki. Kwenye saa ya p, basi, 2³² + 1 ni sufuri, yaani 2³² ni sawa na −1. Izidishe kwa yenyewe: 2⁶⁴ ni sawa na 1. Vipeo vya 2 vinazunguka na kurudi kwenye 1 baada ya hatua 64. Je, vinaweza kurudi mapema zaidi? Haviwezi. Urefu wa mzunguko ni lazima uigawe 64, na kila kigawo cha 64 kilicho kidogo kuliko 64 kinaigawa 32 pia. Kama mzunguko ungekuwa mmojawapo wa hivyo, 2³² ingekuwa 1, nasi tumeshajua kuwa ni −1. Mzunguko ni hatua 64 kamili. Sasa ingiza kanuni moja ya zamani: kwa namba tasa p isiyokuwa 2, ukiipandisha 2 kwenye kipeo cha p − 1, kwenye saa ya p unapata 1. Kwa hiyo mzunguko wa hatua 64 lazima uingie mara kamili ndani ya p − 1. Yaani p ni kigawe cha 64 ukiongeza 1.

Hapo orodha inapukutika. Vigawe vya 64 vikiongezwa 1 ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Futa visivyo tasa: 65 na 385 vinagawanyika kwa 5, 129, 321 na 513 kwa 3. Vinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Jaribio la tano ndilo jibu. Kutoka majaribio 116 tumefika matano, na hatujatumia chochote zaidi ya kutazama namba imejengwaje.

Kinachoniuma kila ninapoitazama historia hii ni kwamba ile kanuni ya p − 1 ni ya Fermat mwenyewe. Aliitamka katika barua ya Oktoba 1640, mwaka uleule wa dai lake. Si hivyo tu: mwaka huohuo alikuwa ametumia chujio la namna hii kuonyesha kwamba 2³⁷ − 1 inagawanyika kwa 223. Huko alijua kwamba kila kigawo tasa lazima kiwe kigawe cha 74 ukiongeza 1, na 223 ni 3 × 74 + 1. Chujio lilikuwa mezani kwake, lingemfikisha kwenye 641 kwa majaribio matano, na aliendelea kuliamini dai lake. Hatuna sababu ya kumdharau. Tuna sababu ya kujifunza kwamba mifano mitano inayofuatana ni dalili tu. Hesabu za shule zinawazoesha watoto kinyume chake: "tazama mfululizo, taja inayofuata." Ukimpa mtoto 3, 5, 17, 257, 65,537 na kumwuliza zina nini kinachofanana, atasema ni tasa, na mwalimu atampa alama. Inayofuata si tasa. Na tangu hapo haijapatikana nyingine hata moja iliyo tasa.

Chujio linaweza kukazwa zaidi. Mwaka 1878 Édouard Lucas, Mfaransa, alionyesha kwamba 64 inaweza kuongezwa maradufu: vigawo vya F5 ni vigawe vya 128 ukiongeza 1. Sababu yake ni kwamba kwenye saa ya p ipo namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 2. Kwa F5 namba hiyo ni 2²⁴ − 2⁸, yaani 16,776,960. Izidishe kwa yenyewe: 2⁴⁸ − 2 × 2³² + 2¹⁶. Kipande cha kwanza na cha mwisho vikijumlishwa ni 2¹⁶ × (2³² + 1), yaani sufuri. Cha katikati ni −2 mara −1, yaani 2. Kwa kuwa 2 ina mzunguko wa hatua 64, hiyo inayoizaa ina mzunguko wa hatua 128, na 128 lazima iingie ndani ya p − 1.

Waliobaki ni 129, 257, 385, 513 na 641, na kati yao tasa ni 257 na 641 tu. Hata 257 inaweza kuondolewa bila kugawanya. Zidisha namba tano za mwanzo za Fermat hatua kwa hatua: 3 × 5 = 15, 15 × 17 = 255, 255 × 257 = 65,535, 65,535 × 65,537 = 4,294,967,295. Zao ni pungufu ya namba yetu kwa 2 kamili. Kitu kinachoigawa 257 na pia kuigawa F5 kingelazimika kuigawa tofauti hiyo ya 2, na hizi zote ni witiri, hivyo hakiwezi kuwa kingine ila 1. Goldbach alimweleza Euler jambo hili mwaka 1730. Inabaki 641 peke yake, jaribio moja.

Na jaribio lenyewe halihitaji mgawanyo mrefu. Panda vipeo vya 2 kwa kuzidisha kila kimoja kwa chenyewe, ukipunguza 641 kila inapowezekana:

2² = 4
2⁴ = 16
2⁸ = 256
2¹⁶ = 65,536, toa 102 × 641 = 65,382, hubaki 154
2³²: 154 × 154 = 23,716, na 37 × 641 = 23,717, imepungua 1

Basi 2³² ni −1 kwenye saa ya 641, ongeza 1 unapata sufuri. Wanaokosea hapa hukosea kuhesabu hatua: kutoka 2 hadi 2³² ni kuzidisha mara tano, wala si sita wala nne. Andika kipeo pembeni ya kila mstari, kama hapo juu, na kosa hilo halitokei.

Kuna uthibitisho mwingine mfupi ambao kwa maoni yangu ndio mzuri kuliko yote. 641 ina sura mbili: ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴, yaani 625 + 16. Kwa sura ya pili, 2⁴ = 641 − 5⁴. Zidisha pande zote kwa 2²⁸: 2³² = 641 × 2²⁸ − (5 × 2⁷)⁴. Kilicho ndani ya mabano ni 640, na 640 kwenye saa ya 641 ni −1, na −1 kwa kipeo cha 4 ni 1. Kwa hiyo 2³² ni −1. Mstari mmoja wa aljebra umemaliza kazi bila namba kubwa hata moja kuandikwa.

Kufika 641 × 6,700,417 bado si mwisho, ingawa wengi huishia hapo. Nani amesema 6,700,417 ni tasa? Lazima ipimwe, na chujio lilelile linafanya kazi, kwa sababu kigawo chochote cha 6,700,417 ni kigawo cha F5 pia. Kipeuo chake cha pili kiko kati ya 2,588 na 2,589. Vigawe vya 128 vikiongezwa 1 hadi hapo ni ishirini, na vilivyo tasa kati yao ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. 257 tumeshaiondoa. Gawanya 6,700,417 kwa 641, hubaki 44. Kwa 769, hubaki 120. Kwa 1,153, hubaki 334. Kwa 1,409, hubaki 622. Imekwisha: 6,700,417 ni tasa, kwa migawanyo minne.

Sasa sifa nyingine zinajitokeza zenyewe. Vigawo vyote ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na namba yenyewe. Jumla yake ni 642 × 6,700,418 = 4,301,668,356. Ukiondoa namba yenyewe, vigawo vidogo vinajumlika kuwa 6,701,059 tu, kiasi kidogo mno kuliko namba, hivyo iko mbali sana na namba kamilifu, yaani ile ambayo vigawo vyake vidogo hujumlika kuwa yenyewe, kama 6 au 28. Idadi ya namba kuanzia 1 hadi hapo zisizo na kigawo cha pamoja nayo, mbali na 1, ni 640 × 6,700,416 = 4,288,266,240. Ndiyo maana ukichukua namba yoyote kwa kubahatisha chini yake na kutafuta KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya hizo mbili, karibu kila mara utapata 1: zinazotoa jibu jingine ni takriban moja kati ya 641.

Sifa ninayoipenda zaidi inahusu miraba. Kwa jinsi ilivyojengwa, namba hii ni jumla ya miraba miwili: 65,536² + 1². Namba tasa witiri inaweza kuandikwa hivyo kwa njia moja tu, au isiweze kabisa. Kwa hiyo ukipata njia ya pili umethibitisha kwamba namba si tasa. Njia ya pili ipo:

62,264² + 20,449² = 3,876,805,696 + 418,161,601 = 4,294,967,297

Na njia mbili zikipatikana, vigawo vinafuata. Panga shufwa na shufwa, witiri na witiri. Tofauti za jozi hizo ni 65,536 − 62,264 = 3,272 na 20,449 − 1 = 20,448; KKS yake ni 8. Jumla ni 127,800 na 20,450. KKS yake ni 50. Chukua nusu ya kila moja, 4 na 25, kisha jumlisha miraba yake: 16 + 625 = 641. Hii ni njia ya Euler, na uzuri wake ni kwamba hakuna kubahatisha baada ya miraba kupatikana. Ugumu wake ni kuipata hiyo jozi ya pili. Kwa namba ngeni unaweza kuitafuta siku nyingi. Na ukichanganya shufwa na witiri katika kutoa, tofauti zitakuwa witiri, hakutakuwa na nusu nzima, na kazi yote inaharibika. 6,700,417 nayo ni 2,556² + 409², na anayetaka kuona jinsi miraba ya vigawo inavyosukwa kuwa miraba ya zao afanye hesabu hii: 25 × 2,556 + 4 × 409 = 65,536, na 25 × 409 − 4 × 2,556 = 1.

Tukija kwenye kompyuta, namba hii inageuka mtego, na mtego wa kwanza ni wa vipimo vya utasa. Kanuni ya p − 1 hutumika pia kama kipimo: chukua namba n, ipandishe 2 kwenye kipeo cha n − 1, ukipata baki tofauti na 1, n si tasa. Watu wengi huligeuza hilo: ukipata 1, basi n ni tasa. F5 inawaumbua. Hapa n − 1 ni 2³², na 2⁶⁴ tayari ni 1 kwenye saa ya F5, basi kipeo cha 2³², ambacho ni kigawe cha 64, kinatoa 1 vilevile. Hata toleo kali zaidi la kipimo hicho, lile linalokagua kila hatua ya kupanda ili kuona kama −1 inatokea mahali pake, F5 inalipita kwa besi ya 2, kwa sababu 2³² ni −1 kabisa. Namba yoyote ya Fermat italipita. Besi ya 2 haina macho mbele ya namba zilizojengwa kwa 2.

Badilisha besi iwe 3. Mwaka 1877 Mfaransa Théophile Pépin alitoa kipimo maalumu kwa namba hizi: kuanzia F1, namba ya Fermat ni tasa ikiwa, na ikiwa tu, 3 kwa kipeo cha nusu ya n − 1 inatoa −1. Kwa F5 unaanza na 3, unazidisha kwa yenyewe mara 31, ukipunguza kila hatua. Jibu ni 10,324,303. Lingepaswa kuwa 4,294,967,296 kama namba ingekuwa tasa. Izidishe kwa yenyewe mara moja zaidi utapata baki la 3,029,026,160, ambalo si 1, hivyo hata kipimo cha kawaida kingetosha. Zingatia kwamba kipimo hiki kinasema si tasa bila kutaja kigawo chochote. Kujua kwamba namba ina vigawo na kuvijua vigawo vyenyewe ni kazi mbili tofauti, na usalama mwingi wa mawasiliano ya intaneti umejengwa juu ya pengo hilo.

Mtego wa pili ni nafasi. Kikokotoo cha tarakimu nane hakiwezi kuionyesha namba hii. Programu inayohifadhi namba nzima kwa biti 32, yaani tarakimu 32 za besi ya 2, ina nafasi ya thamani 4,294,967,296, kuanzia 0 hadi 4,294,967,295. Ukijaribu kuingiza F5 humo, mzunguko unapita na kinachobaki kinaweza kuwa 1. Programu itakuambia kwa utulivu kwamba umeipa 1, nawe utashangaa kwa nini haina vigawo. Tiba ni biti 64, lakini hiyo nayo ina shimo lake. Katika kupanda vipeo unazidisha mabaki mawili kabla ya kupunguza, na baki kubwa kabisa ni 2³². Likizidishwa kwa lenyewe ni 2⁶⁴, yaani 18,446,744,073,709,551,616, na nafasi ya biti 64 isiyo na ishara inaishia kwenye 18,446,744,073,709,551,615. Umezidi kwa 1, na jibu linakuwa sufuri. Yenye ishara inafurika mapema zaidi, karibu nusu ya njia. Lahajedwali nalo hushika tarakimu 15 tu za uhakika, na mazao haya yana tarakimu hadi 20. Zinazozidi hugeuzwa sufuri bila onyo. Tumia Python, lugha ya programu ambayo namba zake nzima hukua kadiri kumbukumbu inavyoruhusu, na uandike pow(3, 2**31, 2**32+1), ambapo ** ni alama ya kipeo. Namba ya tatu ndani ya mabano inaiambia programu ipunguze kila hatua. Ukiiacha na kuchukua baki mwishoni, programu itajaribu kwanza kuandika namba yenye zaidi ya tarakimu bilioni moja.

Majirani wa namba hii nao wanastahili kutajwa. 4,294,967,296 ndiyo idadi ya anwani zote zinazowezekana katika mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ule wa namba nne zenye nukta. 4,294,967,295, zao la namba tano tasa za Fermat, ni idadi kubwa kuliko zote zilizo witiri zinazojulikana ya pande za pembenyingi sawa inayoweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Carl Friedrich Gauss alifungua mlango huo mwaka 1796 kwa pembenyingi ya pande 17, na Pierre Wantzel akaukamilisha upande wa pili mwaka 1837: pande za idadi witiri lazima ziwe zao la namba za Fermat tofauti zilizo tasa. Kwa tano tulizonazo yanapatikana mazao 31. Laiti F5 ingekuwa tasa, yangekuwa 63. Na 65,537 inafanya kazi kila siku: ndiyo inayotumika zaidi kama kipeo cha wazi katika ufunguo wa RSA, mfumo wa kuficha ujumbe kwa namba, kwa sababu kwa besi ya 2 ina tarakimu mbili tu zilizo 1, hivyo kupandisha kwenye kipeo hicho ni kuzidisha kwa yenyewe mara 16 na kuzidisha kwa kawaida mara moja.

Baada ya F5 ugumu unaruka. F6 ina tarakimu 20 na kigawo chake kidogo ni 274,177, ambacho ni 1,071 × 256 + 1, chujio linakubali. F7 ilisubiri hadi mwaka 1970, F8 mwaka 1980, F9 mwaka 1990, F10 mwaka 1995. F11 iliitangulia F10, mwaka 1988, kwa sababu vigawo vyake vingi ni vidogo, na hilo linaonyesha kwamba ukubwa wa namba si kipimo cha ugumu wake. F12 haijamalizwa. F20 na F24 zimethibitishwa kwamba si tasa, na hakuna kigawo hata kimoja chake kinachojulikana. Kuanzia F5 hadi F32 zote si tasa. Ya kwanza ambayo hali yake haijulikani ni F33, namba ya zaidi ya tarakimu bilioni 2.5, kubwa mno kwa kipimo cha Pépin kwenye mashine za leo. Kinachobaki ni chujio: kigawo chake chochote tasa ni kigawe cha 34,359,738,368 ukiongeza 1, na anayetafuta anaanzia hapo, anapanda vipeo vya 2 hatua 33, na kutazama kama mwisho wake ni −1.